Wimbo Una Mwenyewe: Hotuba juu ya Muziki wa Wamande

Walimu wangu, wanafunzi wa muziki, wageni wetu waalikwa, mabibi na mabwana,

Katika kijiji cha Niagassola, kaskazini mwa Guinea, si mbali na mpaka wa Mali, ukoo mmoja wa akina Kouyaté umekabidhiwa marimba ambayo si ya kupigwa ovyo. Urefu wake ni kama mita moja na nusu, ina vibao 20 vilivyochongwa kwa urefu unaotofautiana, na chini ya vibao hivyo vimefungwa vibuyu vya kukuza sauti. Jina lake ni Sosso Bala, yaani bala ya Sosso, na mlezi wake huitwa balatigi, mwenye bala. Hupigwa kwa nadra, katika siku zenye uzito kama vile mazishi au mwaka mpya wa Kiislamu, na anayeipiga ni balatigi mwenyewe au mtu aliyeteuliwa naye. Mwaka 2001 UNESCO iliitangaza Sosso Bala, pamoja na utamaduni unaoizunguka, kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa binadamu, lakini wenyewe walikuwa wamekwisha kujua kwa karne nyingi walichokuwa wakikitunza.

Masimulizi ya Wamande, watu wa Afrika Magharibi, yanasema kwamba bala hiyo ilikuwa mali ya Soumaoro Kanté, mfalme wa Sosso, mhunzi na mganga wa kuogopwa, ambaye aliificha katika chumba cha siri na kuapa kumwua yeyote atakayeigusa. Siku moja mfalme hayupo, Bala Fasséké Kouyaté, msifu wa Sundiata Keita, adui wa mfalme huyo, naye msifu akiwa anashikiliwa katika mji huo, aliingia chumbani humo, akakuta vijiti, akaanza kupiga. Soumaoro alitambua huko huko alikokuwa kwamba chombo chake kimeguswa, akarudi mbio akiwa na upanga. Bala Fasséké alipomwona hakukimbia wala hakuomba msamaha, bali aligeuza wimbo papo hapo na kuanza kumsifu yule yule aliyekuja kumwua, akimtaja kwa majina yake na ushindi wake. Mkono wa mfalme ukalegea. Akamwacha hai na kumtaka awe msifu wake, na katika baadhi ya masimulizi akamkata mishipa ya visigino asipate kutoroka. Baadaye, karibu mwaka 1235, Sundiata alimshinda Soumaoro katika vita vya Kirina na kuanzisha dola ya Mali, na bala ikabaki mikononi mwa akina Kouyaté mpaka leo.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndani yake mna swali ambalo nimeishi nalo kwa miaka mingi ya kusikiliza muziki huu: ni nani mwenye haki ya kugusa ala, ni nani mwenye haki ya kuimba, na anamwimbia nani? Sisi tumezoea kuuliza kama wimbo ni mtamu, kama unachezeka, kama sauti ya mwimbaji ni nzuri. Kwa Wamande maswali hayo yapo, lakini yanatanguliwa na jingine, kwa kuwa huko wimbo una mwenyewe. Uko wimbo wa ukoo fulani, wimbo wa shujaa fulani, wimbo wa wawindaji, wimbo wa wahunzi, na asiyestahili kuimbiwa huweza kuuona kuwa mzigo badala ya heshima. Ndiyo maana nitadai kwamba hata bendi za magitaa na tarumbeta zilizopendwa kote Afrika Magharibi baada ya uhuru hazikuiacha mila hiyo nyuma. Ziliendeleza mabishano yale yale kuhusu nani aimbe.

Tunaposema Wamande tunakusanya watu wengi chini ya jina moja: Wamaninka wa Guinea na Mali, Wabamana wa Mali, Wamandinka wa Gambia, Senegali na Guinea-Bissau, Wajula wa Côte d'Ivoire na Burkina Faso, na wengine wenye lugha zinazokaribiana. Kiini cha kumbukumbu yao ni nchi ya Manden, kando ya Mto Niger, baina ya Bamako na Siguiri. Jamii yao ya jadi iligawanyika kwa namna ambayo Kiswahili kina maneno ya kuieleza bila shida. Walikuwapo horon, ambao ni waungwana: wakulima, wapiganaji na watawala. Walikuwapo jon, watumwa. Na baina yao walikuwapo nyamakala, watu wa ufundi wa kurithi: numu wahunzi, garanke washona ngozi, na jeli, mabingwa wa maneno na muziki, ambao Wafaransa waliwaita griot. Nyamakala hawakuwa watumwa, wala hawakuwa waungwana. Walioana wao kwa wao, na kazi zao zilihesabiwa kuwa zinagusa nyama, ile nguvu iliyomo katika chuma, katika ngozi na katika maneno, nguvu ambayo asiyezaliwa nayo ikimpata humdhuru.

Kwa hiyo jeli hachagui kuwa jeli. Anazaliwa Kouyaté, Diabaté, Sissoko, Suso, Tounkara au Kanté, na ukoo humfunza tangu angali mtoto. Kazi zake ni nyingi kuliko kuimba. Yeye ndiye mshenga anayepeleka posa, ndiye msuluhishi wa ndugu waliogombana, ndiye msemaji wa mkubwa asiyefaa kupaza sauti yake hadharani, ndiye anayekumbuka nani alimzaa nani na nani ni mtani wa nani, maana Wamande nao wana utani wao, wanaouita sanankuya, kati ya ukoo na ukoo. Muziki ni chombo cha kazi hiyo, na ukiuondoa katika kazi hiyo unabaki na sauti nzuri isiyo na anwani.

Wapo wanaowaita majeli ombaomba, na si wageni tu. Hata katika miji ya Mali utawasikia vijana wakilalamika kwamba msifu hukuganda mpaka umpe fedha. Siwezi kukana kwamba yapo ya aibu. Hata hivyo nadhani lawama hiyo inaanzia mahali pabaya, kwa sababu inachukulia sifa kuwa bidhaa, ilhali katika mila yenyewe sifa ni deni. Jeli akikutajia babu yako aliyesimama imara katika vita fulani, hakwambii kwamba nawe ni shujaa. Anakwambia mbele za watu wote kwamba ulizaliwa na mashujaa, na sasa wote wanasubiri kuona utafanya nini. Fedha unayomtunza nayo, kama vile watu wanavyomtunza mwimbaji wa taarabu kwetu, ni ishara kwamba umesikia na umekubali kudaiwa.

Ushahidi wa jambo hili ni wa kale, na umeandikwa na mtu ambaye sisi wa pwani tunamfahamu. Ibn Battuta, yule aliyepita Mombasa na kukaa Kilwa mwaka 1331 na kutuachia maelezo ya miji yetu, alifika Mali mwaka 1352 katika safari yake ya mwisho kubwa. Katika baraza la Mansa Sulayman alimwona Dugha, mkalimani wa mfalme, akija siku ya sikukuu pamoja na wake zake na wajakazi wake, akaketi na kupiga ala iliyotengenezwa kwa matete yenye vibuyu vidogo chini yake, huku akighani sifa za mfalme, vita vyake na matendo yake. Alipomaliza alipewa mkoba wenye mithkali 200 za vumbi la dhahabu. Kisha waliingia washairi waliovaa mavazi ya manyoya ya ndege, kila mmoja akiwa na kichwa cha ndege cha mti chenye mdomo mwekundu, wakasimama mbele ya mfalme na kumwambia kwamba kiti alichokalia kilikaliwa na mfalme fulani aliyetenda mema kadha wa kadha, na fulani aliyetenda mema mengine, basi naye atende mema yatakayotajwa baada yake. Msafiri wetu aliona mavazi hayo kuwa ya kuchekesha. Mimi nikisoma maneno yale nasikia jambo zito: mfalme mwenye dola kubwa kuliko nyingi za wakati wake anakumbushwa hadharani, kwa wimbo, kwamba kiti si chake peke yake.

Sasa nizungumze juu ya ala, kwa kuwa hapa mpo wengi mnaopenda kujua kitu kinafanyaje kazi. Tatu ndizo kuu za majeli. Ya kwanza ni bala, ambayo duniani huitwa balafoni. Ya pili ni ngoni, jina ambalo halihusiani na Wangoni wa kwetu: ni zeze dogo lenye mwili wa mti uliochimbwa kama mtumbwi na kuwambwa ngozi, lenye nyuzi nne au zaidi, na majeli wa Mali huihesabu kuwa ala yao ya kale kuliko zote. Banzumana Sissoko, mzee kipofu aliyeheshimiwa mno, alipiga ngoni, na muziki wa wimbo wa taifa wa Mali unatokana naye. Ya tatu ni kora, ambayo chimbuko lake ni upande wa magharibi, katika nchi ya zamani ya Kaabu, ilipo leo Guinea-Bissau, Gambia na Casamance, kusini mwa Senegali. Mskoti Mungo Park, aliyepita maeneo hayo mwishoni mwa karne ya 18, aliitaja kwa jina la korro na kusema ina nyuzi 18. Ya leo kwa kawaida ina nyuzi 21.

Niliwahi kuketi nyuma ya jukwaa, katika tamasha moja la muziki, karibu na mpiga kora aliyekuwa akiandaa chombo chake, na saa ile ilinifunza mengi kuliko maonyesho yote ya usiku huo. Kora yake ilikuwa nusu ya kibuyu kikubwa sana, kikubwa kuliko beseni la kufulia, kilichowambwa ngozi ya ng'ombe kwa njumu zilizopangwa kama pambo. Mti mrefu ulipenya kibuyu huku na huku, na kwenye mti huo zilikuwapo pete za ngozi zilizosukwa, moja kwa kila uzi. Hapakuwa na skurubu wala funguo. Ili uzi upande alishika pete kwa mikono miwili, akaibana na kuisukuma juu kwa kuizungusha kidogo, akasikiliza, akairudisha upana wa ukucha, akasikiliza tena. Nyuzi zilikuwa za nailoni, zile zile za mishipi ya kuvulia samaki, ambazo zimechukua mahali pa nyuzi za ngozi ya paa za zamani. Ilimchukua karibu saa nzima, na katika saa hiyo hakuzungumza na mtu.

Alipoanza kupiga, nilielewa kwa nini vidole vitatu vya kila mkono havichezi wala havitikisiki: vimeshika vishikio viwili vya mti, na kazi yote inafanywa na vidole gumba viwili na vidole vya shahada viwili. Nyuzi 11 ziko upande wa kushoto na 10 upande wa kulia, zikipanda kwa kupokezana, kiasi kwamba ngazi moja ya sauti hugawanywa baina ya mikono miwili. Kidole gumba cha kushoto hushika besi. Vingine husuka mzunguko usiobadilika ambao Wamandinka huuita kumbengo, na juu ya mzunguko huo, pale mpigaji anapoona nafasi, humwaga mtiririko wa haraka unaoteremka kama maji ya mvua kwenye makuti. Huo ni birimintingo. Uimbaji nao una sehemu mbili, donkilo, ambayo ni kama kiitikio kinachojulikana na wote, na sataro, ambayo ni kughani: maneno mengi, majina, nasaba na methali, yakitoka kwa mkupuo juu ya kumbengo inayoendelea bila kuchoka. Msikilizaji asiyejua lugha husubiri kiitikio. Mwenyeji husubiri sataro, kwa sababu huenda likatajwa jina lake.

Kitu kingine nilichokiona kwa karibu ni mvumo. Juu ya kile kipande cha mti kinachobeba nyuzi kulikuwa na bati dogo lililotobolewa pembezoni na kutiwa vipete vya waya, na kila uzi ulipolia vipete vililia navyo. Kwenye balafoni kazi hiyo hufanywa na vibuyu vyenyewe: kila kibuyu hutobolewa na tundu huzibwa kwa utando mwembamba, ambao kwa asili huchukuliwa kwenye kifuko cha mayai ya buibui. Mafundi mitambo wa studio wasiojua mila hiyo wamepata kuung'oa mvumo huo wakidhani ni hitilafu, ili sauti iwe safi. Nasikitika kila ninaposikia kora iliyosafishwa namna hiyo. Mvumo ni sehemu ya wimbo kama vile mkwaruzo wa sauti ya mzee ni sehemu ya maneno yake.

Nilisema wimbo una mwenyewe, nami nitoe mifano. Lamban ni muziki wa majeli wenyewe, na akina Kouyaté huuhesabu kuwa wao. Ukipigwa, majeli hucheza, kwa maana siku hiyo wanajifurahisha wao baada ya kuwasifu wengine. Sunjata Fasa ni sifa za mwanzilishi wa dola, na humhusu kila anayeitwa Keita. Duga, maana yake tai mla mizoga, ni wimbo wa wapiganaji waliothibitika, na zamani mtu ambaye hakuwahi kusimama vitani hakuthubutu kuinuka na kucheza unapopigwa. Tena wimbo mmoja huweza kuvikwa maneno mapya kwa ajili ya mtu mpya, ilhali kumbengo inabaki ile ile, na kila asikiaye anajua kwamba huyu wa leo amewekwa kando ya yule wa kale. Mtu anaweza kupewa heshima, au kupewa onyo, bila kumbengo kubadilika.

Katika yote haya wanaume ndio waliopiga kora, ngoni na bala, lakini anayedhani kwamba kwa hiyo wanawake walikuwa pembeni hajapata kuhudhuria arusi mjini Bamako. Jelimuso, mwanamke jeli, ndiye malkia wa arusi na wa sherehe za kumpa mtoto jina. Sauti yake hupaa juu ya ala zote, mkononi ana karinyan, kipande cha chuma anachokigonga na kukikwaruza kushika mapigo, na wanawake hupanga mstari kumtunza. Fanta Damba, Ami Koita na Kandia Kouyaté walijulikana nchi nzima na nje yake kuliko wapiga ala wengi waliowasindikiza. Kandia, mzaliwa wa Kita, mji wa majeli, alipata kiharusi mwaka 2004 na kunyamaza kwa miaka, kisha akarudi na santuri mwaka 2015 akiwa na sauti nzito zaidi. Na siku hizi hata ule mwiko wa ala umeanza kulegea: Sona Jobarteh, mjukuu wa bingwa wa kora wa Gambia Amadu Bansang Jobarteh, anaipiga kora jukwaani duniani kote.

Nije sasa kwenye bendi. Guinea ilipojitwalia uhuru tarehe 2 Oktoba 1958, Rais Sékou Touré aliona kwamba taifa changa haliwezi kuendelea kucheza tango na wolzi za wakoloni. Serikali iliunda bendi ya taifa, ikaanzisha bendi za mikoa na kuzipa ala na mishahara, na kuzitaka zichote katika nyimbo za jadi. Bembeya Jazz ilizaliwa mwaka 1961 katika mji mdogo wa Beyla, mbali kabisa na mji mkuu, na kampuni ya serikali, Syliphone, ikazitoa kazi zake katika santuri. Sikilizeni gitaa la Sékou Diabaté, aliyepewa lakabu ya vidole vya almasi. Analidonoa kama bala inavyogongwa, sauti mbili mbili zikikimbizana, na haishangazi, kwani yeye ni Diabaté, mtoto wa majeli, na gitaa mikononi mwake lilikuwa ala nyingine tu ya ukoo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 bendi hiyo ilirekodi utenzi mrefu uliojaza santuri nzima, pande zote mbili, juu ya Samori Touré, aliyepigana na Wafaransa mpaka akakamatwa mwaka 1898 na kufia uhamishoni Gabon mwaka 1900. Ulikuwa utenzi wa kijeli kwa kila hali: kughani, kumbengo, majina. Lakini rais aliyekuwa akitawala alijihesabu kuwa wa uzao wa Samori, kwa hiyo kila aliyesifu babu alimsifu na mjukuu.

Hapo ndipo mila ilipojeruhiwa, nami siwezi kupita hapo kwa haraka. Fodéba Keïta, mtu aliyeanzisha kundi la Les Ballets Africains na kuupeleka muziki na ngoma za Guinea katika majukwaa ya dunia tangu miaka ya 1950, alikuja kuwa waziri katika serikali ile ile, kisha akafungwa katika kambi ya Boiro mjini Conakry na kuuawa mwaka 1969. Katika mila, sifa ni deni ambalo mkubwa analipa kwa matendo. Dola ilipowaajiri wasifu wote kwa mshahara wa mwezi, hapakubaki mtu wa kudai. Nazipenda santuri za Syliphone, nyingi naziweka juu ya muziki wowote wa dansi wa wakati wake, na kila nizisikiapo nakumbuka kambi hiyo.

Mali ilifuata njia ya jirani yake kwa utulivu zaidi. Mwaka 1970 iliundwa Rail Band, bendi iliyopiga katika hoteli ya stesheni ya reli mjini Bamako, na mwimbaji wake alikuwa kijana ambaye kwa desturi hakupaswa kuimba hata kidogo. Salif Keita alizaliwa mwaka 1949 katika kijiji cha Djoliba, katika ukoo wa Keita, wa Sundiata mwenyewe. Alizaliwa na ualbino, katika jamii iliyouogopa. Alitaka kuwa mwalimu, lakini macho yake dhaifu yalimzuia, ndipo akaamua kuimba. Fikirini uzito wake: Keita ni mwungwana, ni wa kusifiwa, kuimba kwa malipo ni kazi ya jeli anayemsifu yeye. Baba yake na ukoo waliona ni fedheha. Hakupata haki hiyo kwa kuzaliwa, aliitwaa.

Mwaka 1973 alihamia bendi ya Les Ambassadeurs, na nafasi yake katika Rail Band ikashikwa na Mory Kanté, jeli wa kuzaliwa, ambaye alighani utenzi wa Sundiata kwa karibu nusu saa juu ya magitaa na tarumbeta. Yaani mtoto wa jeli alisimama katika hoteli ya reli akimsifu babu wa yule aliyeondoka. Mwaka 1978 Salif alitoa Mandjou, wimbo wa kuwasifu akina Touré, na hasa Sékou Touré, aliyekuwa amemtunuku nishani. Ni miongoni mwa nyimbo nzuri kuliko zote zilizowahi kurekodiwa Afrika Magharibi, na ni wimbo unaonitaabisha. Mwungwana wa ukoo wa kifalme amejishusha mahali pa jeli, na anayesifiwa ni mtawala ambaye magereza yake yalikuwa yamejaa. Mory Kanté naye alikwenda Ufaransa, na mwaka 1987 akautoa Yé ké yé ké, kora ikiwa juu ya mashine za disko, ukauzwa zaidi ya nakala milioni moja.

Wa mwisho kuuvunja mpaka walikuwa watu wa Wassoulou, kusini mwa Mali. Huko wapo wawindaji wenye ala yao, donso ngoni, kinubi kizito cha kibuyu chenye nyuzi sita, ambacho hakikuwa cha kuchezewa dansi. Vijana walitengeneza kidogo chenye sauti ya juu zaidi, wakakiita kamale ngoni, kinubi cha vijana, na wazee wakanuna. Waimbaji wa huko si majeli. Wanaitwa kono, maana yake ndege, na ndege haimbi kwa sababu ya ukoo wake. Kwa jina hilo Oumou Sangaré, aliyezaliwa Bamako mwaka 1968 na mama mwimbaji wa asili ya Wassoulou, aliyeanza kuimba katika arusi angali mtoto ili kuisaidia nyumba iliyoachwa na baba, alitoa kanda yake ya kwanza mwaka 1990 na kuiita Moussolou, wanawake. Akaimba juu ya ndoa za kulazimishwa na maumivu ya uke wenza. Jeli asingeweza kuimba hayo kwa urahisi, kwa kuwa anaishi kwa kuwafungamanisha watu na mababu zao. Ndege hakuwa na deni kwa babu wa mtu.

Mimi simpendelei ndege dhidi ya jeli. Mlango aliopitia Oumou ulitikiswa kwanza na Salif, na Salif asingekuwa na cha kutwaa kama akina Kouyaté na Diabaté wasingalitunza nyimbo zenyewe kwa karne karibu nane.

Naomba tumalizie kwa kusikiliza. Toumani Diabaté aliyezaliwa mwaka 1965 na kufariki tarehe 19 Julai 2024 alikuwa mtoto wa Sidiki Diabaté, mpiga kora wa zamani wa Mali, na mwanawe Sidiki, mwenye jina la babu yake, naye ni mpiga kora. Mwaka 1988 Toumani alitoa santuri ya kora peke yake, bila mwimbaji, na akaiita Kaira. Ni wimbo wa baba yake, uliohusishwa katika miaka ya 1940 na vuguvugu la vijana waliowapinga wakoloni. Neno hilo maana yake ni amani, na asili yake ni neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi heri. Mtadhani wanapiga watu wawili. Sikilizeni kwanza kidole gumba cha kushoto, kile cha besi, msikiachie, na mtiririko wa juu utakapoanza kumwagika mtaona wenyewe kwamba kumbengo haijasimama. Fundi, tafadhali tuwekee.